Unakwenda ukweni Ujerumani? Soma hii kabla hujafunga begi

Mke wangu ni Mjerumani, mzaliwa wa mji mdogo nje kidogo ya Stuttgart, kule kusini-magharibi ambako wenyeji huitwa Waswabia na Wajerumani wenzao huwatania kwa ubahili na kwa kupenda kufagia. Kila ikikaribia Krismasi au likizo ya kiangazi, hakosekani kijana wa kunitafuta na maswali yaleyale: kaka, nibebe zawadi gani? Baba yake nimwiteje? Nikikataa nguruwe watanuna? Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti, basi nayaweka yote hapa. Nitasema kama mkwe wa kiume, maana ndiyo nafasi ninayoijua. Dada zangu mtachukua yanayowahusu, na ni mengi.

La kwanza kabisa: usiende na dhana kwamba Wajerumani hawana heshima, eti kwa sababu mtoto anabishana na baba yake mezani na hakuna anayeshtuka. Heshima wanayo, tena ya kutosha. Wameiweka mahali ambapo sisi hatujazoea kuitazamia: kwenye saa, kwenye mlango uliofungwa, kwenye kimya cha Jumapili, kwenye pipa la taka, na zaidi ya yote kwenye neno lililokwisha kutamkwa. Ukiwaheshimu huko, mengine mengi wanayasamehe.

Makaratasi na begi

Viza ya matembezi ni ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya. Inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu hadi angalau euro 30,000. Kama fedha zako benki hazitawaridhisha ubalozini, mwenyeji wako anaweza kwenda ofisi ya wageni ya wilaya yake akasaini hati ya kubeba gharama zako, akalipia euro 29.

Hapo kwenye hati hiyo simama kidogo. Mara nyingi anayeisaini ni mzazi wa mchumba, na si barua ya mwaliko ya kuandika tu nyumbani. Ukipitiliza muda ikabidi urudishwe kwa gharama za serikali, ukipewa matibabu ambayo bima haiyalipi, anayedaiwa ni yeye. Maana yake, kabla mzee huyo hajakuona uso kwa uso ameshakuwekea dhamana. Mtumie shukrani siku hiyohiyo, hata iwe mistari miwili aliyokutafsiria mchumba wako. Na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye tiketi iwe ndiyo tarehe ya kurudi.

Zawadi zisikusumbue akili. Nyama na maziwa, pamoja na vyakula vilivyotengenezwa navyo, haviruhusiwi kuingizwa na abiria kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na matunda mengi, embe likiwemo, yanadai cheti cha afya ya mimea. Achana navyo. Viungo vikavu, majani ya chai, kitambaa, kikapu kilichosukwa vizuri: hivyo vinapita na vinapendwa. Kitu kidogo chenye maelezo yake kinawafurahisha kuliko kitu cha bei mbaya, kwa sababu cha bei mbaya kinawaachia kazi ya kufikiria watakulipaje. Watakifungua hapohapo mbele yako. Kwao ndiyo adabu, wanataka uone wanavyokipokea.

Ukishafika, nunua maua ya mama mkwe. Idadi iwe ya witiri, karatasi uivue kabla hujampa. Waridi jekundu ni la wapenzi, na yungiyungi jeupe linawakumbusha makaburini. Mwuza maua akikuuliza ni ya nani, mwambie ya mama mkwe, atakumalizia kazi.

Mlangoni

Ukiambiwa saa tisa na nusu ni saa tisa na nusu. Si na dakika kumi, wala si saa tisa na robo ukamkuta mama mkwe bado ana taulo kichwani. Ukiwahi, zunguka mtaa. Ukiona utachelewa, hata kama ni treni ndiyo iliyochelewa, na treni zao siku hizi zinachelewa sana, piga simu kabla saa haijafika. Wanachokichukia zaidi ni kuketi na keki mezani bila kujua kinachoendelea.

Na saa zao zina mtego. Wakitaka kusema tatu na nusu wao husema “nusu ya nne”, wakimaanisha nusu ya kuelekea nne. Ongeza hapo tofauti ya masaa sita kati ya saa yetu na yao, utajikuta umesimama kwenye baridi wakati usio wako. Mwombe kila mtu akuandikie kwa tarakimu: 15:30. Hakuna atakayekushangaa.

Baba mkwe atakupa mkono. Mkono wa Kiswabia ni mkavu, wa nguvu, mara moja tu, naye anakutazama machoni. Mtazame. Kuinamisha macho, ambako kwetu ni kumstahi mkubwa, yeye atakusoma kama mtu anayeficha jambo. Mama mkwe ndiye mtihani. Katika jamii zetu nyingi mwanamume hata mkono hampi mama mkwe, wengine humpisha njia. Huyu atakukumbatia kabla hujavua koti, na ukirudi nyuma atadhani hujampenda. Kama mila au dini yako haikuruhusu, mwenzio alifikishe jambo hilo kwa simu siku kadhaa kabla, na wewe mlangoni uweke mkono kifuani utabasamu. Wataelewa vizuri sana. Tatizo lao ni kushtukizwa tu.

Kisha majina. Mwanzo utamwita kwa ukoo na kutumia “Sie”, ile nafsi ya heshima. Aliye mkubwa ndiye mwenye haki ya kukuhamishia kwenye “du” ya watu waliozoeana, na akikupa hiyo amekupa pia jina lake la kwanza. Wengi siku hizi huitoa palepale mlangoni. Ulimi utagoma, najua. Mzee wa miaka sabini na kitu umwite jina kavu kama mliyecheza naye gololi! Mwite. Ukianza kukwepa, ukawa unasubiri akutazame ndipo useme, ataona kwamba amekupa kitu nawe umekiacha mezani. Kama moyo hautulii, mfundishe shikamoo. Baba mkwe wangu aliipenda tangu siku ya kwanza, ila kila mara yeye ndiye anayeniamkia mimi, na nimeacha kumsahihisha.

Vua viatu mlangoni bila kungoja kuambiwa. Kuna kikapu cha ndara za wageni hapo pembeni. Soksi ziwe nzima. Na huko kusini salamu ya mchana ni “Grüß Gott”. Itumie hata kwa mtu usiyemjua mnayepishana kwenye njia ya kijijini, au ukiingia chumba cha kungojea daktari. Wanaitikia wote, kisha wanarudi kwenye kimya chao.

Mezani

Jioni ya kwanza utaandaliwa mkate wa rangi ya udongo, siagi, jibini za aina mbili tatu, soseji baridi zilizokatwa vipande vyembamba, matango ya siki na figili. Badala ya sahani kila mtu ana kibao kidogo cha mbao. Ukikaa unasubiri chakula chenyewe kije utalala na njaa, maana chakula chenyewe ndicho hicho. Cha moto wengi hula mchana, na kati ya mchana na jioni, hasa Jumapili, kuna kahawa na keki, ambavyo Waswabia wanavichukulia kwa uzito kuliko mnavyodhani.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalowatesa vijana wetu wengi. Mama mkwe ameshika bakuli la Spätzle, zile tambi fupi za mayai za kwao, bado zinafuka moshi. Anauliza: utaongeza? Wewe, kwa malezi mema, unasema hapana asante mama, nimeshiba, huku ukingoja akusihi mara ya pili ukubali kwa shingo upande. Yeye anaitikia kwa kichwa, bakuli linahamia upande wa pili wa meza, na halirudi. Hakukunyima. Amekuheshimu: mtu mzima amesema ameshiba, yeye ni nani wa kumbishia? Kumlazimisha mgeni kula baada ya kukataa, kwake, kungekuwa ndio utovu wa adabu.

Basi sema ndiyo mara ya kwanza. Hili halikomei kwenye chakula. Ukiulizwa kama umechoka, sema umechoka. Ukiulizwa kama utapenda kwenda kutembea msituni, na hupendi, sema leo hapana. Ukikubali kwa kuwaridhisha, wataamini unapenda, na kesho kutwa watakupangia matembezi marefu zaidi. Na ukisema hapana, hutaona sura imekunjwa; watakwenda wao, warudi wakupe habari. Upande wa pili wa shilingi nao ni huohuo: mama mkwe akikwambia hahitaji msaada jikoni, hahitaji. Akisema “kama unataka kuoga bafu liko wazi”, anakupa taarifa ya bafu, hakusemi kwa harufu. Usichimbe maneno yao ukitafuta fumbo. Mara tisa katika kumi hakuna kilichozikwa hapo.

Ukishasema ndiyo, kimalize ulichopakua. Pakua kidogo, ongeza baadaye. Usianze hadi wote wamepakuliwa na mwenye nyumba amesema “Guten Appetit”. Mikono yote miwili ionekane juu ya meza, viganja tu, viwiko hapana. Uma kushoto, kisu kulia, na ukimaliza vilaze pamoja sambamba kwenye sahani. Glasi zikigongana mtazame machoni kila unayegongana naye, mmoja mmoja, hata kama glasi yako ni ya maji ya tofaa. Asiyekunywa pombe halazimishwi, wala haulizwi sana. Aseme tu mapema kabla chupa haijafunguliwa kwa ajili yake.

Usingoje kusifiwa. Waswabia wana msemo wao kwamba asiyekaripiwa amesifiwa vya kutosha, na wanauishi. Umepika pilau la kuangusha watu, baba mkwe anafuta mdomo anasema: “kinalika”. Hiyo ni medali. Wewe lakini sifu, ila kwa kitu mahsusi: mkate huu mmeununua wapi, mchuzi huu una nini ndani. Sifa za jumlajumla zinawafanya wakushuku.

Kuhusu nguruwe na pombe. Sema kabla ya safari, tena kwa orodha. Walaji wa mboga tupu wamejaa kila ukoo huko, kwa hiyo swali la “nani hali nini” ni la kawaida kama kuuliza nani anakuja. Ila ukisema “sili nguruwe” pekee, watu wa nia njema kabisa watakupa dengu zilizopikwa na vipande vya nguruwe wa kukaushwa, kwa vile machoni mwao hizo ni dengu. Taja: mafuta yake, soseji, jelatini iliyo kwenye peremende laini, mvinyo kwenye mchuzi, na keki ya Msitu Mweusi, ambayo haiwi yenyewe bila pombe ya cheri. Chakula chao kikuu cha fahari, Maultaschen, ni vifuko vya unga vyenye nyama ndani, kwa kawaida nguruwe imo. Hadithi yao ni kwamba watawa wa Maulbronn waliificha nyama humo wakati wa Kwaresima ili Mungu asiione. Ipo ya mboga. Mama mkwe akikutengenezea ya mboga, kula hadi ya mwisho, hiyo kazi si ndogo.

Mkitoka kula nje, sikiliza kauli. Mtu akisema “nakualika”, analipa yeye. Kama hakuna aliyesema hivyo, mhudumu atauliza mnalipa pamoja au kila mtu kivyake, na kila mtu kivyake haina ubaya wowote, hata baina ya kaka na dada. Bahashishi ni kama asilimia tano hadi kumi: unamtajia mhudumu jumla unayotaka kulipa wakati ule ule wa kulipa, huachi sarafu mezani ukaondoka. Beba pesa taslimu kidogo, bado kuna maduka ya mikate yasiyotaka kadi.

Ndani ya nyumba ya watu

Tuanze na choo, ambacho hakuna anayekusimulia. Wanaume huko, majumbani, hukaa. Hata haja ndogo. Utakuta pengine kibandiko ukutani kinachokuonyesha kwa picha. Mwaka 2015 jambo hili lilifika mahakamani Düsseldorf, mwenye nyumba akidai mkojo wa mpangaji wake umeharibu sakafu ya marumaru. Hakimu aliamua kwamba kusimama kunaruhusiwa. Sheria hiyo ni ya mpangaji. Wewe ni mkwe, kaa. Karatasi inatupwa ndani ya choo na kuvutwa na maji, si kwenye kindoo. Maji ya kujisafisha hakuna. Chupa ndogo ya plastiki iweke kwenye mkoba wako wa mswaki, ingia nayo, toka nayo, na sakafu iache kavu.

Milango hufungwa. Mlango wa chumba uliofungwa hauna ugomvi nyuma yake, ni mtu anasoma tu. Gonga, ngoja ujibiwe. Nawe ukitaka kupumzika saa nzima peke yako, sema “nakwenda kupumzika kidogo”, funga mlango wako. Hakuna atakayeuliza mgeni ananuna nini.

Asubuhi, nje barafu, mama mkwe atafungua madirisha yote pu! Anatoa unyevu ili kuta zisiote ukungu. Dakika tano hivi anafunga. Vaa sweta uvumilie, na chumba unacholala fanya vivyo hivyo, huku umezima hita. Kitandani mtakuta kila mtu na blanketi lake nene lililojazwa manyoya, hata nyinyi wanandoa. Si ishara ya kitu.

Mashine ya kuosha vyombo ina mwenyewe, na mara nyingi ni baba. Ana mpangilio wake wa vikombe na sahani, na ukiupanga kivyako atakuja baadaye kimyakimya aupange upya. Muulize “sahani hizi zikae wapi?” Swali hilo moja lilinipa mimi na baba mkwe mazungumzo yetu ya kwanza marefu, juu ya mwelekeo wa maji ndani ya mashine, na nawaambia mtu yule ana mawazo juu ya maji.

Takataka: karatasi pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake, plastiki na vifungashio pipa au mfuko wa njano, yaliyobaki pipa jeusi au la kijivu. Rangi hubadilika kidogo kutoka wilaya hadi wilaya, kwa hiyo uliza. Chupa za glasi zisizo na amana, yaani pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa, hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi: nyeupe, kahawia, kijani. Chupa za plastiki za maji na soda, na makopo, zina amana ya senti 25 kila moja, chupa ya bia kwa kawaida senti 8. Zikusanye zizima, usizikanyage, zinarudishwa kwenye mashine dukani. Ukitupa chupa yenye amana kwenye pipa mbele ya Mswabia umemtupia pesa yake.

Jumapili mji unalala. Maduka yamefungwa, na katiba yao yenyewe inailinda siku hiyo kama siku ya mapumziko: kifungu cha 140 kimerithi maneno hayo kutoka katiba ya Weimar ya 1919. Nunua unachohitaji Jumamosi. Jumapili usitoboe ukuta, usikate nyasi, usipeleke hata chupa kwenye kontena, maana zinapiga kelele. Usiku kuanzia saa nne, kimya. Hapa ndipo simu za nyumbani zinapotuponza: mjomba amepiga kwa video, ana furaha, anapaza sauti, nawe unamjibu kwa sauti ileile kwenye spika sebuleni. Tia vifaa vya masikioni, nenda chumbani.

Wakwe zangu wanakaa kwenye jengo la familia kadhaa, na huko Uswabini kuna zamu ya usafi ya wiki iitwayo Kehrwoche. Kibao chake kinaning'inizwa kwenye mlango wa mwenye zamu. Anapiga deki ngazi, Jumamosi anafagia na njia ya mbele ya jengo, kisha kibao kinahamia mlango wa jirani. Ukikuta kibao kiko kwa wakwe zako, chukua fagio. Sijui utambulisho gani mwingine utakaokupandisha hadhi mbele ya majirani kama kuonekana Jumamosi asubuhi unafagia majani, unawaitikia “Grüß Gott”. Bibi wa ghorofa ya chini, ambaye awali alinichungulia kupitia pazia tu, siku hiyo alifungua dirisha akanionyesha kona niliyoiruka.

Ya kusema na ya kunyamazia

Usimwambie mtu amenenepa. Kwetu ni heri, dalili ya kutunzwa. Kule umemtukana dada wa mchumba wako mbele ya mumewe. Kadhalika usiulize mshahara, bei ya nyumba, wala mbona hamjapata mtoto. Wao nao watakuuliza mambo yatakayokuchoma: je, kwenu kuna hiki, kuna kile? Wengine ni ujinga tu wa kutojua, wachache wana lao jambo. Wa kwanza mjibu, wa pili mwachie mwenzio amshughulikie. Ni ndugu yake, na lugha ni yake.

Ukitokea Tanzania Bara, ipo siku historia itaketi nanyi mezani. Wajerumani waliitawala hadi Vita Kuu ya Kwanza, na katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 watu walikufa wengi mno, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha. Rika la wakwe zetu wengi hawayajui haya kwa undani. Wanachokijua hadi usingizini ni habari za utawala wa Hitler. Baba mkwe akiuliza, mweleze bila kupunguza na bila kumfanya yeye mshtakiwa. Wajerumani wanakubali hoja nzito mezani, na kubishana hakuvunji undugu. Utani wa Hitler, hata wa kuigiza, usithubutu: saluti ya Kinazi na alama zake ni kosa la jinai.

Picha. Usimpachike mama mkwe kwenye hali yako ya WhatsApp bila kumuuliza, na watoto wa shemeji usiwapige kabisa hadi wazazi wao wamekubali. Sheria inampa mtu haki juu ya sura yake mwenyewe, lakini hata bila sheria watu hao hawapendi.

Mbwa huingia ndani, hulala chini ya meza, hata mgahawani. Kama unamwogopa au dini yako inakutaka umwepuke, sema siku ya kwanza. Sauna, kile chumba cha joto kali cha kutoa jasho, ni habari nyingine: wanaume kwa wanawake pamoja, uchi wa mnyama, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Shemeji akikualika kwa moyo mweupe, una haki yote ya kusema hapana asante. Na hiyo hapana, kama nilivyokwambia, wataipokea mara ya kwanza. Barabarani, taa nyekundu ya waenda kwa miguu usiivuke hata kama hakuna gari mpaka upeo wa macho. Faini ni ndogo, euro 5, ila mama mwenye mtoto pembeni atakupa somo la bure kwa sauti.

Wewe na mwenzio

Tegemea kwamba atabadilika. Akishakanyaga kwao atarudia Kiswabia chake cha utotoni, ambacho hata Mjerumani wa Hamburg hakifahamu vizuri, atacheka na kaka zake vichekesho vya miaka ishirini iliyopita, na wewe uliyezoea kumsikia akikutafutia maneno utakuwa ndiye bubu. Usimdai atafsiri kila sentensi, atachoka kufikia jioni ya pili. Kubalianeni: akutafsirie kichekesho, na uamuzi wowote unaokuhusu. Mengine mengi ni bei ya petroli na nani amelazwa.

Kubalianeni pia ishara ya “niokoe”. Sisi yetu ni kuuliza kama tumefunga gari. Na kila siku tembeeni wawili peke yenu nusu saa, umuulize yaliyopita: mama alinyamaza vile kwa nini, nilipaswa kusimama? Muulize yeye, usikae unabuni usiku kucha. Yeye naye amwambie mama yake mambo yako mazito kabla, si wakati sahani iko mezani.

Siku ya kuondoka vua mashuka, yakunje, uliza yaende wapi. Mkifika, tuma ujumbe kwamba mmefika. Lakini kabla ya hapo, pale mlangoni na makoti mwilini, mama mkwe atafungua kalenda yake na kukuuliza mtakuja tena lini. Hatanii, ana kalamu mkononi. Mungu akijaalia itamke, ila isiishie hapo, taja na mwezi. Kama hujui likizo yako, mwambie utamjulisha kufikia tarehe fulani, na tarehe hiyo ikifika mpigie hata kama jibu bado hulijui.